Jibu la Nepal, Jibu la Pemba

Mwezi wa Januari 2006 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha katika toleo moja tafiti mbili zilizouliza swali lile lile: je, watoto wadogo wakipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, vifo vitapungua? Utafiti mmoja ulifanyika wilaya ya Sarlahi, kusini mwa Nepal, na mwengine ulifanyika hapa kwetu Pemba. Kule Nepal madini hayo hayakuongeza vifo wala hayakuvipunguza. Hapa Pemba watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kuugua kiasi cha kulazwa hospitali, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwezi wa Agosti 2003 kabla ya muda wake kumalizika.

Kilichozitenganisha sehemu mbili hizi ni malaria. Sarlahi haikuwa na malaria ya kutajika, na Pemba ya wakati ule, kabla ya dawa mseto na vyandarua kuenea, ilikuwa nayo mwaka mzima. Vimelea vya malaria navyo vinahitaji chuma, na mwili wa mtoto unapopambana na maradhi huyaficha madini hayo kwa makusudi. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambamo malaria iligunduliwa na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika na dawa ile ile. Kwa hivyo chuma hakikuwa sumu, wala hakikuwa tiba ya kumwagiwa kila mtoto bila ya kumpima. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria, na lililolibadilisha ni takwimu zilizokusanywa katika vijiji vyetu, nyumba kwa nyumba.

Nafundisha bayolojia katika skuli moja ya sekondari hapa Chake Chake, na wanafunzi wangu huniletea habari za sayansi kutoka kwenye simu zao karibu kila wiki: wanasayansi wamegundua hili, wanasayansi wamethibitisha lile. Sina ugomvi na hamu yao, na ningependa izidi. Lakini nimewazoesha kwamba kabla hatujajadili kilichogunduliwa, mwenye habari atueleze kimegunduliwa wapi, kwa watu gani, na wakilinganishwa na nani. Habari nyingi za simu hazina majibu hayo, na mwanafunzi hulazimika kuutafuta utafiti wenyewe, jambo ambalo kwangu ni faida kuliko habari aliyokuja nayo.

Nepal na Pemba zilikutana tena katika suala la kitovu. Mwaka huo huo wa 2006 utafiti wa Nepal ulionesha kuwa kusafisha kitovu cha mtoto mchanga kwa dawa ya klorohexidini kulipunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 24, na tafiti za Bangladesh na Pakistan zikaja na matokeo ya mwelekeo huo. Dawa ni rahisi, haina shida kuitumia, na mkunga wa kijijini anaweza kufundishwa kwa muda mfupi. Mtu angeweza kusema basi, igawiwe kila mahali. Hapa Pemba ilijaribiwa kwa watoto wachanga zaidi ya 36,000, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2016 vifo vilikuwa 10.5 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika kundi lililopakwa dawa, na 11.7 katika kundi ambalo kitovu kiliachwa kikavu na safi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta. Zambia nayo ilipata jibu kama letu. Palipokuwa na vifo vingi vinavyotokana na uchafu wa kitovu dawa iliokoa wengi, na pale ambapo vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo, na sababu zake nyengine, ilikuwa na machache ya kuokoa.

Yote hayo ni ya zamani kidogo. Kilichonifanya nikae niandike ni minyoo, kwa sababu katika miaka hii ya karibuni habari kubwa za dawa za minyoo duniani zimepitia katika makopo ya choo cha Wapemba, na sidhani kuwa wengi wetu tunalijua hilo.

Tuanze na dawa tuliyoizoea. Albendazoli ya miligramu 400, kidonge kimoja, ndiyo ambayo watoto wa skuli humeza katika kampeni za kila mara. Kwa mchango, ule mnyoo mrefu wa duara, ni dawa nzuri sana: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 uliona kuwa huponya takriban watu 96 katika kila 100. Kwa safura, mnyoo mnyonya damu, huponya karibu 80. Kwa mnyoo mjeledi huponya karibu 31 tu, na uchambuzi huo huo ulionesha kuwa uwezo wa dawa wa kupunguza mayai ya mjeledi ulishuka kutoka takriban asilimia 73 mwaka 1995 hadi 43 mwaka 2015. Mnyoo huu ana mwili wa nyuma mnene na sehemu ya mbele nyembamba mno, ambayo huipitisha ndani ya ukuta wa utumbo mpana kama uzi wa mshona kofia unavyopita kwenye kitambaa, na hapo hukaa akila.

Pemba ina historia yake katika suala la dawa kuchoka. Kampeni za mebendazoli, dawa nyengine ya minyoo, katika skuli zetu zilianza mwaka 1994. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto waliokwisha kumeza dawa hiyo miaka kadhaa, na ikaonekana kuwa mebendazoli ilipunguza mayai ya safura kwa asilimia 52, ilhali kabla ya kampeni kipimo cha namna hiyo kilikuwa 82. Hayo hayatoshi kuthibitisha kwamba minyoo imejenga usugu, kwa kuwa yapo mambo mengine yanayoweza kushusha takwimu hizo, lakini yalitosha kuwafanya wataalamu wafungue macho.

Ni vyema nieleze takwimu hizi zinavyopatikana, kwani watu humeza vidonge na kutoa makopo bila ya kuoneshwa kinachoendelea ndani ya maabara. Njia inayotumika sana inaitwa Kato-Katz. Mtaalamu huchukua choo kidogo, hukisukuma kupitia wavu mwembamba ili makapi yabaki nyuma, kisha hujaza tundu la kibao cha plastiki ambalo huingiza miligramu 41.7, si zaidi si pungufu. Kibao kikiondolewa, choo hubaki juu ya kioo kama kitone cha duara, na juu yake hufunikwa karatasi nyembamba ya selofeni iliyolowekwa katika gliserini yenye rangi ya kijani. Gliserini hukifanya choo kipenye mwanga, na mayai hujitokeza chini ya hadubini: la mjeledi lina umbo la pipa lenye vizibo viwili, kimoja kila ncha, na la safura lina ganda jembamba kama pumzi. Idadi ya mayai huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai katika gramu moja. Tatizo ni kwamba gliserini hiyo hiyo inayoyafichua mayai ya mjeledi huyayeyusha ya safura, kwa hivyo kioo lazima kisomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Ukichelewa, mgonjwa wa safura huonekana mzima. Kazi ya namna hii ndiyo inayofanyika Wawi, hapa hapa Pemba, katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia.

Sasa nije kwenye utafiti wenyewe. Kati ya mwaka 2018 na 2020 watafiti wa taasisi ya tiba za kitropiki ya Basel, Uswisi, pamoja na wenzao wa nchi husika, waliijaribu albendazoli ikiwa peke yake na albendazoli ikichanganywa na ivamektini, dawa nyengine ya vimelea, dhidi ya mnyoo mjeledi katika sehemu tatu: Laos, Pemba na Ivory Coast. Mpango wa utafiti ulikuwa mmoja, dawa moja, na kura ya kuwagawa watu katika makundi ilipigwa kwa namna moja. Laos mchanganyiko uliponya asilimia 66, dhidi ya 8 ya albendazoli peke yake. Pemba uliponya 49, dhidi ya 6. Ivory Coast uliponya 14, dhidi ya 10, maana yake ni kwamba kule ivamektini haikuongeza kitu cha maana.

Ningeuliza darasa langu hapo: kwa nini? Wengi wangesema labda watu wa Ivory Coast hawakumeza dawa vizuri, au labda dawa zilikuwa mbovu. Lakini dawa zilimezwa mbele ya watafiti, na zilikuwa zile zile zilizotumika kwengine. Jibu lilikuja baadaye kwa njia ya vinasaba. Minyoo iliyotoka kwa wagonjwa wa Ivory Coast iliposomwa jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, ilionekana kuwa si ile Trichuris trichiura tunayoifundisha skuli, bali ni spishi nyengine iliyo karibu zaidi na mnyoo mjeledi wa nguruwe, na mwaka 2025 ikapewa jina la Trichuris incognita. Chini ya hadubini mayai ya spishi hizi mbili hayatofautishiki kwa macho ya kawaida. Miaka yote hiyo watu waliyahesabu mayai kwa uaminifu, na hesabu ilikuwa sahihi, ila kilichokuwa kikihesabiwa hakikuwa kitu kimoja. Nakiri kuwa katika habari zote za sayansi nilizozisoma karibuni, hii ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu kitabu cha kiada ninachofundishia kina mnyoo mjeledi mmoja tu wa binadamu.

Na kama mchanganyiko uliponya nusu tu ya Wapemba, nusu iliyobaki tuwafanyeje? Hapo ndipo inapoingia dawa inayoitwa emodepsaidi. Asili yake ni kemikali inayotengenezwa na kuvu aliyeonekana kwenye majani ya mti wa kamelia huko Japani, kisha wanakemia wakaibadilisha kidogo. Barani Ulaya imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi kama dawa ya minyoo ya paka, ya kudondoshwa kwenye ngozi ya shingo. Kwa binadamu wenye mjeledi na safura ilijaribiwa hapa Pemba, na matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2023 katika New England Journal of Medicine. Miligramu 5 tu ziliponya takriban asilimia 85 ya watu wazima wenye mnyoo mjeledi, wakati kidonge kisicho na dawa kilikuwa na 10 na albendazoli 17. Kwa safura ilihitajika dozi kubwa zaidi: miligramu 30 ziliponya asilimia 95. Utafiti uliofuata, nao pia Pemba, uliihakiki dozi hiyo ya safura kwa vijana na watu wazima, na emodepsaidi ikaponya karibu 97 katika kila 100, albendazoli 81. Baadhi ya waliomeza walipata kichwa kuuma, kizunguzungu na macho kuona ukungu kwa muda, na dalili hizo zilizidi kadiri dozi ilivyopanda, lakini nyingi zilikuwa nyepesi na zikaondoka zenyewe.

Namna dawa hii inavyofanya kazi ndipo bayolojia inapoiazima fizikia, na hapa naomba msomaji anivumilie. Katika seli za misuli na neva za mnyoo kuna protini iliyo kama tundu, ambayo hufunguka na kuziruhusu ioni za potasiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zitoke nje. Emodepsaidi huliweka tundu hilo wazi. Potasiamu ikitoka bila ya kizuizi, umeme wa seli hushuka hadi seli inashindwa kuamka, na mnyoo hupooza, hali chakula wala hajongei. Albendazoli inafanya kazi kwa njia nyengine kabisa, huvuruga vijiti vinavyojenga umbo la seli, kwa hivyo mnyoo aliyeizoea albendazoli hana sababu ya kuwa ameizoea emodepsaidi.

Binadamu naye ana protini ya aina hiyo. Kwa nini basi mgonjwa asipooze pamoja na mnyoo wake? Watafiti walichukua minyoo ya maabara isiyo na tundu lake, wakaipa tundu la binadamu, na ikaonekana kuwa tundu la binadamu linahitaji dawa mara 10 hadi 100 zaidi ndipo liitikie. Ili kujua dawa inakaa wapi hasa, hadubini ya mwanga haifai, kwa kuwa mawimbi ya mwanga yenyewe ni marefu mno: haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200, na protini ni ndogo kuliko hapo mara kadhaa. Elektroni zina urefu wa wimbi mdogo zaidi, lakini huiunguza protini, na ombwe ndani ya mashine huikausha. Njia iliyopatikana ni kuigandisha protini ghafla katika ethani ya majimaji yenye baridi kali, kwa kasi ambayo maji hayapati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele na hubaki kama kioo, kisha kupiga picha nyingi hafifu za molekuli zilizolala kila upande na kuiachia kompyuta izikusanye ziwe umbo moja. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017 kwa kuiendeleza njia hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Dortmund, Ujerumani, waliitumia kuliangalia tundu la nzi wa matunda, jamaa wa lile la mnyoo, na wakaiona emodepsaidi imekaa ndani ya njia yenyewe, chini kidogo ya pale potasiamu inapochujwa.

Ninapoandika hivi naona jinsi mambo yalivyofungamana: mwanafizikia anayeshughulika na elektroni Ulaya, kuvu wa Japani, paka wa Ulaya, na kijana wa Pemba aliyekubali kumeza kidonge bila ya kujua kama ndani yake mna dawa au hamna. Katika mnyororo huo wote, huyo wa mwisho ndiye ambaye jibu humfikia kwa uchache zaidi.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kushiriki katika utafiti wa minyoo, aliniuliza siku moja tukiwa barazani: "Maalim, kile choo chetu walichokichukua, jibu lake liko wapi?" Nikamwambia jibu limechapishwa na mtu yeyote anaweza kulisoma. Akaniuliza limechapishwa kwa lugha gani. Nikanyamaza, naye akacheka. "Basi halijachapishwa," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Sina nia ya kuwalaumu watafiti kwa jumla. Wanaoshiriki hupimwa na kutibiwa, idhini huombwa kwa Kiswahili, masheha hushirikishwa kabla ya kopo la kwanza kugawiwa, na wataalamu wengi wanaosoma vioo ni watoto wetu wenyewe. Lakini kuomba idhini kwa Kiswahili na kutoa matokeo kwa Kiingereza ni kufanya nusu ya adabu. Kurasa mbili zingetosha: tuliuliza nini, tulikuta nini, na kitabadilika nini. Sheha akizisoma mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, au mwalimu akizibandika ubaoni, yule mama angejua kwamba choo cha Pemba kimesaidia kuipima dawa ambayo huenda ikamezwa na watu wa nchi ambazo hajapata kuzisikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.5 wana minyoo ya aina hizi.

Kinachokuja sasa kinahitaji macho yetu zaidi. Kidonge kimoja kilichounganisha albendazoli na ivamektini kimejaribiwa kwa watoto wa Ethiopia, Kenya na Msumbiji, na mwezi wa Januari 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kukikubali kwa matumizi nje ya Ulaya. Nadhani kitafika Zanzibar, na nitafurahi kikifika, kwa kuwa ni bora kuliko tulichonacho. Lakini ningetaka siku watoto wa Micheweni na Mkoani watakapopewa kidonge hicho kwa mara ya kwanza, wachache wao wapimwe kwa Kato-Katz kabla na wiki chache baadaye, na baadhi ya mayai yapelekwe kusomwa vinasaba, tujue mnyoo mjeledi wa kwetu ni yupi na kama yuko peke yake. Vifaa vya kuhesabia mayai viko Wawi, na watu wanaojua kuvitumia wako hapo hapo.